Nauza dawa ya mahindi, ila dawa yenyewe ilitakiwa iwe mpakani

Nina duka la pembejeo Kibaigwa, barabara ya Dodoma–Morogoro, wanaolijua soko la mahindi la pale hamna haja ya kuelekezwa. Mavuno yakishaanza kuingia biashara yangu kubwa inakuwa dawa ya unga ya kuhifadhia mahindi, na mifuko. Kwahiyo mtu akisikia naandika kwamba dawa tunaitegemea kupita kiasi anaweza kudhani nimechanganyikiwa, maana dawa ndo inalipa ada za watoto wangu. Lakini ukikaa nyuma ya kaunta muda mrefu unaanza kujiuliza hivi hawa wadudu wote ninaowauzia watu dawa yao walitokea wapi, na ukifuatilia unakuta jambo la kukera: wale wabaya kabisa, wanaoniletea foleni dukani, karibu wote sio wa kwetu. Wameletwa. Wengine kwenye magunia, wengine kwenye matunda, wengine kwenye miche ambayo mtu kaibeba kwa nia nzuri kabisa akampelekee mama yake akapande.

Tuanze na dumuzi kwa sababu ndiye ananilisha.

Wazee wa Tabora wanamwita Skania, kwa lile lori. Kenya huko kuna waliomwita Osama, na hapo ujue watu wameumia. Ukimwona mwenyewe huwezi kuamini, kadudu ka milimita tatu nne, kahawia, mwili mviringo kama umechongwa, kichwa kimeinamia chini kiasi kwamba ukimtazama kwa juu hukioni. Asili yake ni Mexico na Amerika ya Kati. Kwetu alianza kuonekana mwishoni mwa miaka ya 1970 upande wa Tabora, na inaaminika aliingia ndani ya mahindi yaliyoagizwa kutoka nje. Kufikia 1981 hivi wataalamu wakawa wameshajua ni nani, ila kwa wakati huo yeye alishazoea mji.

Sasa fikiria mahindi yalivyokuwa yanatunzwa zamani zile. Yanavunwa, yanawekwa na maganda yake kwenye dari juu ya jiko moshi uyapate, au kwenye kihenge, na mama anachukua magunzi ya kutosha siku hiyo anapukuchua anapeleka mashine. Fukusi walikuwepo, ndio, ila fukusi watu walishaishi nao, unapepeta unaanika maisha yanaendelea. Dumuzi kakuta utaratibu huo akaona ni kama katengenezewa yeye. Mahindi yakiwa bado kwenye gunzi punje hazichezi, kwahiyo anapata pa kujikaza na kutoboa kama keekee ya seremala. Alafu anachotoboa ni kingi kuliko anachokula, ndo maana ukifungua unakuta unga unga chini, punje imebaki ganda. Na dume akishapata chakula anatoa harufu ya kuwaita wenzake. Utafiti uliofanyika Tabora miaka ile ya mwanzo ulikuta kuna stoo zimepoteza mpaka asilimia 34 ya uzito ndani ya miezi mitatu hadi sita. Theluthi ya chakula cha familia! Na kwenye makopa, ile mihogo iliyokaushwa, ndo usiseme, miezi minne tu na zaidi ya nusu imekwenda.

Ile dawa ya unga iliyokuwepo, yenye pirimifosi-methili, ilikuwa inamuua fukusi vizuri ila dumuzi anaivumilia. Permethrini inamuua dumuzi vizuri ila kwa fukusi sio kali sana. Kwahiyo zikachanganywa zote mbili kwenye dawa moja, asilimia 1.6 ya ile ya kwanza na 0.3 ya hii ya pili, ndo ikawa Actellic Super ambayo mpaka leo wateja wengi wakiingia dukani wanasema tu "nipe Super" hata kama anayoichukua ni ya kampuni nyingine. Lakini ili hiyo dawa ifanye kazi mahindi lazima uyapukuchue kwanza, yote, uyachanganye ndo uweke kwenye gunia au kihenge. Kampeni zikapita vijijini miaka ya 1980 kufundisha watu hivyo. Mimi hii huwa inanishangaza nikiifikiria: nchi nzima ilibadilisha namna ya kutunza chakula chake kwa sababu ya mdudu mmoja aliyeingia na mzigo. Na aliyebeba hiyo gharama zaidi ni akina mama, maana kupukuchua ilikuwa kazi ya kidogo kidogo mwaka mzima, sasa ikawa kazi ya mara moja, tena wakati wa mavuno ambapo kila kitu kinamsubiri yeye.

1983 akaonekana Taveta, upande wa Kenya. Kutoka Tabora mpaka Taveta kwa mdudu asiyejulikana kuruka safari ndefu, utaniambia alipitia wapi kama sio kwenye roba za mahindi. 1984 akaonekana Togo, huko inaaminika aliingia kivyake kwa njia nyingine, hakutokea kwetu. Leo yuko kwenye nchi karibu 20 za Afrika. Na hatoki tena, hilo ndo watu hawalielewi, wananiuliza serikali inashindwa nini kummaliza. Dumuzi anaishi porini pia, kwenye miti mikavu, matawi yaliyokufa. Hata ukisafisha kila stoo ya Tanzania kesho asubuhi, ataruka kutoka msituni jioni.

Alitafutwa adui yake wa asili huko alikotoka, mdudu mwingine anayewinda mayai na viwavi vyake, akapimwa kwanza kama hataleta balaa jipya, akaachiwa Togo 1991, Kenya 1992. Amesaidia sehemu na sehemu, porini hasa, ila mkulima mwenye gunia zake kumi ndani hawezi kumtegemea huyo, bado anakuja kwangu.

Ngoja niseme na hili la dawa feki kwa sababu limeniuma. Kuna msambazaji mmoja, simtaji, alituletea katoni za dawa ya unga zina lebo safi kabisa, wateja wakarudi baada ya miezi miwili na mahindi yametobolewa. Mzee mmoja alinimwagia punje juu ya kaunta akaniambia, "Kijana wangu, hii umeniuzia chokaa." Sikuwa na jibu. Nikamrudishia hela yake, yule msambazaji simu akawa hapokei. Sasa hivi mtu akija namwambia kama mahindi yako ni ya kula nyumbani chukua mifuko ile ya PICS, kinga njaa, yenye nailoni mbili ndani na kiroba nje. Unajaza, unakamua hewa, unafunga nailoni moja moja kwa kamba, wadudu waliomo wanamaliza hewa wanakufa wenyewe. Masharti yake ni mahindi yawe makavu kweli. Kama huna kipimo chukua chupa ya kioo kavu, tia chumvi kavu na kiganja cha mahindi, tikisa, acha dakika kadhaa, chumvi ikigandia kwenye kioo rudisha juani. Na ukague nailoni kila msimu maana dumuzi ana uwezo wa kuitoboa.

Haya, hayo yote niliyoeleza, dawa, mifuko, kampeni, adui wa asili, miaka zaidi ya 40 ya gharama, ni bei ya mzigo ambao kama ungekaguliwa na kupigwa moshi kabla haujashushwa pengine tusingekuwa tunazungumza hapa. Nasema pengine kwa sababu sio kila mdudu anazuilika na geti.

Mfano viwavijeshi vamizi. Hawa nao ni wa Amerika, walionekana Afrika Magharibi mwanzoni mwa 2016, 2017 wakawa wameshafika kwetu na Kenya. Mwaka mmoja! Nondo wake anaruka usiku na upepo unamsaidia, anaweza kusukuma kama kilomita 100 kwa usiku mmoja, jike mmoja anataga mayai elfu moja na zaidi katika maisha yake. Afisa wa mpakani angefanya nini hapo, amuombe nondo pasipoti? Kuvuka bahari kutoka Amerika ndiko kulihitaji mizigo ya binadamu, baada ya hapo alijitegemea. Kwa huyu kinachosaidia ni kumjua mapema. Ana alama ya Y iliyogeuzwa kichwani na vidoti vinne kama pembe za mraba karibu na mkiani, ukimwona akiwa mdogo bado unaweza kumuwahi, akishaingia katikati ya mhindi pale majani yanapochipukia akajiziba na kinyesi chake dawa haimfikii, unapiga bomba zima unalowesha majani tu. Piga asubuhi sana au jioni. Kuna wanaotia mchanga au majivu pale katikati na wanasema inasaidia, kwa shamba dogo mimi siwakatazi, wala sina dawa ya kuwauzia iliyo bei rahisi kuliko mchanga.

Sasa kuna vita tumeshashinda, na inaniudhi jinsi isivyosimuliwa.

Unguja ilikuwa na mbung'o, ng'ombe walikuwa wanakufa kwa nagana. Miaka ya 1990 wakafanya hivi: kwanza dawa kwa ng'ombe na vitambaa vyenye sumu ili kupunguza idadi, alafu kituo cha utafiti cha Tanga wakazalisha mbung'o kwa wingi, wale madume wakapigwa mionzi wasiweze kuzalisha, wakapakiwa kwenye ndege ndogo wakadondoshwa juu ya Unguja wiki baada ya wiki kuanzia 1994. Zaidi ya milioni 8. Jike wa mbung'o kwa kawaida anapandwa mara moja tu, akikutana na dume kapigwa mionzi basi habari yake imeishia hapo. Mbung'o wa mwisho wa porini alionekana 1996, na mwaka uliofuata kisiwa kikatangazwa kuwa safi. Tanga hiyo hiyo tunayoijua kwa mkonge na machungwa ilizalisha jeshi la inzi likasafisha kisiwa, mtoto wangu yuko sekondari hajawahi kulisikia hilo darasani.

Ila angalia kwanini iliwezekana. Ni kisiwa, na kulikuwa na aina moja tu ya mbung'o. Bara huku mbung'o ni aina kadhaa na ukisafisha wilaya moja wanaingia kutoka ya jirani. Bahari ndo ilikuwa mpaka wenye nguvu, hata baada ya ndege kuacha kuruka.

Na Zanzibar hiyo hiyo ina kesi ya upande wa pili, kunguru. Wale kunguru wenye shingo ya kijivu waliletwa kutoka India miaka ya 1890 ili wasaidie kula taka za mji. Mtu alikaa ofisini akaona ni wazo zuri. Leo wako Dar, Tanga, Mombasa, Malindi, wanakula mayai na makinda ya ndege wa asili, wanakula vifaranga vya kuku uwanjani huku unawaangalia, na 2024 Kenya ilitangaza mpango wa kuwaua milioni moja pwani. Zaidi ya miaka 130 baadaye bado tunalipa deni la usafi wa mji. Nataja kunguru kwa sababu watu wakisikia wadudu na magonjwa wanafikiria shamba tu, wakati ndege wa msituni hana ushirika wa wakulima wa kumsemea.

Mihogo nayo ilikuwa iishe. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 kule Zaire, Kongo ya sasa, alitokea mdudu mdogo mweupe, anaonekana kama unga umemwagikia kwenye ncha za mihogo, majani yanajikunja mmea unadumaa. Alitoka Amerika ya Kusini, kwenye vipando inavyoaminika. Akasambaa nchi kwa nchi na watu wengi mihogo ndo chakula chenyewe. Mswisi mmoja, Hans Herren, akiwa na taasisi ya utafiti ya IITA pale Ibadan, alishughulika na kutafuta adui wa huyo mdudu huko alikotokea, akapatikana nyigu mdogo sana kule Paraguay anayetaga ndani ya mdudu mwenyewe. Akaachiwa Nigeria 1981, kisha nchi nyingine kama 30 hivi, na mihogo ikarudi bila mkulima kununua hata kopo moja la dawa. Herren akapewa Tuzo ya Chakula ya Dunia 1995. Sisi wenye maduka hatukupata kitu kwenye hiyo, haha, na ni sawa.

Nikirudi kwenye mipaka, huwa nasikia watu wakilalamika Namanga au Tunduma, kwamba maafisa wa mimea wanasumbua, lori limelala siku mbili, cheti cha afya ya mimea hakina muhuri sijui nini. Naelewa, mimi mwenyewe mzigo wangu umewahi kukaa mpakani nikawa nahesabu hasara ya kila saa. Lakini nikiangalia orodha ya niliowataja hapo juu sioni aliyeingia kwa sababu ukaguzi ulikuwa mkali mno. Mamlaka tunayo, TPHPA, iliyoanzishwa kwa sheria ya 2020, makao yake Arusha, inasimamia afya ya mimea na viuatilifu vyote. Ninachokiona mimi nikiwa mteja wao ni kwamba geti kubwa lina afisa, lina meza, lina kikuza-picha, ila njia za panya hazina chochote, na boda boda yenye gunia mbili za mbegu za viazi inapita huko saa mbili usiku. Hapo ndo ningeweka hela kama ningeulizwa, ingawa sijaulizwa.

Na ujue kila nchi inatumia haya mambo kwenye biashara pia. Afrika Kusini ilikaa miaka inazuia ndizi zetu kwa hoja ya wadudu na magonjwa, Malawi nayo 2025 ikazuia mazao yetu kadhaa, Aprili mwaka huo Hussein Bashe, aliyekuwa Waziri wa Kilimo, akatangaza na sisi tunafunga mazao yao, ikawa kelele siku chache alafu wakakaa mezani ikalegezwa. Sitaki kusema nani alikuwa sahihi. Ila ona Kenya walichofanya kwenye maembe: inzi wa matunda kutoka Asia alionekana pwani yao 2003, na kwetu pia mwaka huo huo, maembe yakawa yanakutwa na funza kwenye soko la Ulaya. 2014 Kenya wakajizuia wenyewe kupeleka maembe Ulaya kabla hawajafungiwa, wakarudi nyumbani kufanya kazi, mitego yenye harufu ya kuvuta madume, kuzika matunda yaliyoanguka, wakatengeneza eneo lisilo na huyo inzi kule Makueni, wakarudi sokoni 2021. Miaka saba ya kujinyima. Kwa mkulima wa embe Mkuranga au Muheza hilo ni somo la bure, maana inzi ni yule yule na embe lililoanguka chini ya mti wake analiacha hapo hapo linaoza na funza wanaingia ardhini kukomaa. Chimbia, au funga kwenye mfuko mweusi uweke juani mpaka wafe. Hii haihitaji dawa yangu wala ruhusa ya mtu.

Kwa mizigo binafsi ndo tuna tabia mbaya zaidi. Ndugu yetu anatoka nje ya nchi, begi lina parachichi, lina embe, lina kipando kimefungwa kwenye nguo yenye maji, "hiki nimekipata kwa rafiki yangu kinazaa balaa." Kagera wanajua gharama yake. Mnyauko wa migomba ulithibitishwa Uganda 2001, Tanzania 2006, ulitembea na machipukizi ambayo watu walipeana kindugu, na mapanga ambayo yalikata mgomba mgonjwa yakaenda kukata mzima. Ukisikia watu wa kule wanapitisha panga kwenye moto kabla ya kuingia shamba la jirani, au wanaondoa ua la dume kwa kijiti chenye panda badala ya kisu, usiwacheke, wamejifunza kwa kupoteza migomba ya babu zao.

Kinachonikosesha raha sasa hivi ni kitu kingine cha ndizi, ule ugonjwa wa kuvu wa kwenye udongo, TR4. Msumbiji uko tangu 2013, ulianzia Nampula kwenye shamba kubwa la ndizi za kuuza nje, 2019 ukaonekana kisiwani Mayotte. Huu hauna dawa kabisa, na kuvu yake inakaa kwenye udongo miongo na miongo ikisubiri mgomba. Inasafiri na chipukizi, inasafiri na tope kwenye gumboti na kwenye tairi. Nampula sio mbali na Mtwara. Juzi kati kuna jamaa alinipigia ana machipukizi ya ndizi "za kisasa" kutoka upande wa huko, bei ya kutupa, anataka niyauze dukani, nikamuuliza cheti cha afya ya mimea kiko wapi, akasema mzee hayo makaratasi tutayaongea baadae. Nimempa namba ya ofisi ya TPHPA. Kama amekuja kwako na wewe una duka la pembejeo, machipukizi yake ni marefu, yana udongo bado kwenye mizizi, na anasema yametoka kwa shemeji yake. Usichukue.